Kona Nane za Munich

Probox ya kutoka mjini Kisii kwenda Nyamira haijai. Siku hiyo tulikuwa wanne kiti cha nyuma, na mbele dereva alikuwa amegawana kiti chake na abiria. Mimi nilikaa mlango wa kushoto, kando yangu mama mmoja na kikapu cha ndizi magotini. Barabara ile unaijua: unapanda, unashuka, unazunguka shamba la chai, unazunguka lingine. Kila kona ya kulia mama ananikandamiza mlangoni. Kila kona ya kushoto mimi namwangukia.

"Baba, mbona unanilalia?"

"Pole mama, ni gari."

Nilidanganya kidogo. Si gari. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, na kati ya vitu vichache nilivyotoka navyo kwenye darasa la fizikia ni hiki: hakuna kitu kinachokutupa nje kwenye kona. Mwili wako unataka kuendelea mbele, moja kwa moja, kwa kasi ileile. Gari ndilo linalokata kona. Wewe unabaki kwenye njia yako ya zamani mpaka mlango, au bega la mama wa watu, likurudishe ndani. Kani halisi hapo inaelekea katikati ya mduara.

Hata wakubwa walichelewa kuliona hili. Mholanzi Christiaan Huygens alipiga hesabu zake mwaka 1659, akazichapisha 1673, na alichokuwa anakipima ni ule msukumo wa kwenda nje, yaani kile unachohisi ukizungusha jiwe kwenye kamba. Newton ndiye aliyegeuza macho. Kwenye kitabu chake cha 1687 alitaka kujua nani anavuta ndani. Jiwe linavutwa na kamba, mwezi unavutwa na dunia. Hesabu ni ileile, zidisha uzito kwa mraba wa kasi, gawanya kwa nusu kipenyo cha mduara, lakini swali limebadilika. Ondoa mvutaji na kitu hakirushwi nje. Kinaenda zake tu, mstari ulionyooka.

Na mwanariadha je? Hana kamba, hana mlango wa Probox. Ana nyayo zake na udongo.

Hapo ndipo Gusii inaingia kwenye hadithi, na ndipo mimi huudhika. Ukitaja mbio za Kenya, kila mtu anakimbilia Iten na Eldoret. Ni sawa, wamestahili. Lakini Nyandika Maiyoro wa Kisii alikuwa Melbourne mwaka 1956, Olimpiki ya kwanza Kenya kushiriki, akamaliza wa saba mita 5,000. Roma 1960 akawa wa sita kwa dakika 13 na sekunde 52.8. Hiyo ni mita sita hivi kwa sekunde, mizunguko kumi na miwili na nusu. Kwa kona za uwanja wa kawaida wa siku hizi, zenye nusu kipenyo cha mita 36.5, kasi hiyo inadai kani ya karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa mkimbiaji, ikivuta kushoto, hatua baada ya hatua. Yote inatoka kwenye msuguano wa kiatu na ardhi.

Sasa ongeza kasi. Septemba 1972, Munich, fainali ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne. Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko, Julius Sang. Watatu wa kwanza ni watu wa Gusii, Sang ni wa Nandi. Walishinda dhahabu kwa dakika 2 na sekunde 59.8, yaani karibu sekunde 45 kila mtu. Kasi imepanda kwa nusu tu ukilinganisha na Maiyoro, lakini kwa sababu kasi inapigwa mraba, kani ni zaidi ya maradufu. Mtu wa kilo 70 anahitaji kuvutwa ndani kwa nguvu inayotosha kuinua kilo 15. Ndiyo maana unaona wanalala kushoto kwenye kona, digrii kumi na mbili hivi. Asiyelala anaanguka nje. Mizunguko minne, kona nane, na kijiti mkononi.

Kuna wanaosema ilikuwa bahati kwa sababu Marekani hawakuwepo. Kweli hawakuwepo: Vince Matthews na Wayne Collett walikuwa wamefungiwa kwa jinsi walivyosimama jukwaani kupokea medali zao za mita 400, na kikosi kikakosa watu. Lakini miaka minne kabla, Mexico, Kenya ilikuwa imechukua fedha nyuma ya hao hao Wamarekani, kwa sekunde 59.6 juu ya dakika mbili. Asati na Nyamau walikuwemo. Ni bahati gani hiyo ya kukimbia hivyo mara mbili?

Nilipofika nyumbani nilimweleza babu haya yote, pamoja na hesabu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akacheka. Shuleni kwao, akasema, hakukuwa na uwanja wenye mistari. Kulikuwa na miti minne, mmoja kila pembe, na ukifika mtini unaudaka kwa mkono wa kushoto, unajizungusha, unaachia, unaendelea. Wote walifanya hivyo na walikuwa na mbio sana. Mpaka akaja mwalimu mpya aliyesema kushika mti ni udanganyifu. Siku ya kwanza ya sheria hiyo, nusu ya darasa iliishia kwenye mahindi ya jirani.