Mguu haununuliwi sokoni: namna kandanda ilivyojifunza kumlinda mchezaji

Hapa kwetu Kivu, kijana akianguka uwanjani na kushika goti, wenzake humbeba hadi pembeni, humsugua kidogo, na watu husema: "Mpira ndio huo." Baada ya wiki mbili anarudi akichechemea. Mwaka hauishi, ameacha mpira kabisa. Na mguu ule ule ndio aliokuwa akiutegemea kuendesha pikipiki, kubeba mizigo au kulima shamba la mama yake.

Ndugu wasomaji, je, ni kweli kwamba kuumia ni sehemu ya mpira? Historia inaonyesha kitu kingine. Karibu kila kinga tunayoiona leo uwanjani iliwekwa na watu, na mara nyingi iliwekwa baada ya mtu kuumizwa.

Tuanzie London, mwaka 1863. Vilabu vilikutana kuandika sheria za pamoja za mpira wa miguu. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kumpiga mpinzani mateke ya muundi kwa makusudi. Wengine waliona jambo hilo ni uanaume. Wengine walisema mtu mwenye kazi hawezi kwenda kazini Jumatatu akiwa amevunjika mguu. Hao wa pili walishinda, mateke yakakatazwa, na klabu ya Blackheath ikajitoa kwa hasira. Mwaka 1874, Sam Widdowson wa Nottingham Forest alikata kinga za mchezo wa kriketi akazifunga juu ya soksi zake. Ndizo zilizozaa kinga za muundi tunazozijua leo. Lakini kuzivaa hakukuwa lazima kisheria hadi mwaka 1990, yaani zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Kubadilisha mchezaji nako kulichelewa. Katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1956, kipa Bert Trautmann wa Manchester City aligongwa shingoni zikiwa zimebaki dakika 17 hivi. Hapakuwa na ruhusa ya kuingiza mwingine, akaendelea kudaka. Siku chache baadaye picha ya eksirei ilionyesha kwamba shingo ilikuwa imevunjika. Mwaka 1966, Pelé alichezewa rafu mbaya na Wareno katika Kombe la Dunia, akabaki uwanjani akichechemea kwa sababu hiyo hiyo. Ni mwaka 1970, huko Meksiko, ndipo Kombe la Dunia lilipopata wachezaji wa akiba, pamoja na kadi za njano na nyekundu.

Hata hivyo rafu za nyuma ziliendelea. Marco van Basten wa Uholanzi, mmoja wa washambuliaji hodari kabisa wa wakati wake, alicheza mechi yake ya mwisho ya mashindano mwaka 1993 kwa sababu ya kifundo cha mguu. Mwaka 1995 alitangaza kuacha, akiwa na miaka 30 tu. Katika Kombe la Dunia la 1998 marefa waliagizwa kutoa kadi nyekundu kwa anayemkata mwenzake toka nyuma na kuhatarisha mwili wake.

Kuna pia hatari isiyoonekana, nayo ni moyo. Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka uwanjani Lyon bila kuguswa na mtu, akafariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha ugonjwa wa moyo uliokuwa umejificha. Miaka tisa baadaye, tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka vivyo hivyo jijini London akiichezea Bolton. Moyo wake ulisimama dakika 78, lakini leo yuko hai. Waganga walianza kumsukuma kifua pale pale, mashine ya kushtua moyo ilikuwepo, na daktari wa moyo aliyekuwa mtazamaji alishuka kutoka jukwaani kuwasaidia. Watu walikuwa wamejiandaa.

Labda msomaji atasema: hayo ni ya Wazungu wenye pesa. Basi tuangalie kinga ambayo haihitaji pesa. Mwaka 2006 FIFA ilitoa mpango unaoitwa 11+, mazoezi ya dakika 20 kabla ya kucheza: kukimbia polepole, kuimarisha misuli ya tumbo na ya nyuma ya paja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua huku magoti yakiwa yamenyooka na vidole. Mwaka 2008 watafiti wa Norway walitangaza kwamba wasichana walioufuata waliumia pungufu kwa karibu theluthi moja. Kisha ukajaribiwa Lagos, Nigeria, kwa vijana wa ligi ya mji: majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Lagos si Ulaya.

Tazama sasa viwanja vyetu vya mtaani, Bukavu penye miteremko na mashimo, Goma juu ya mawe ya volkano. Uwanja mbaya ni hatari, na hatuwezi kuubadilisha kesho. Lakini mambo matatu yamo mikononi mwetu. Kocha anaweza kutoa dakika 20 za mazoezi hayo angalau mara mbili kwa wiki. Refa anaweza kumkataza kuingia asiye na kinga za muundi. Na la tatu ndilo gumu zaidi: aliyeumia asirudi kabla ya kupona. Tafiti nyingi zinakubaliana kwamba jeraha la zamani lisilopona vizuri ni njia fupi ya jeraha jipya. Kijana asiyeweza kuruka kwa mguu mmoja bila maumivu hana kazi uwanjani, hata kama ni fainali, hata kama mashabiki wanaimba jina lake.

Wale wa mwaka 1863 waliwafikiria watu wanaokwenda kazini Jumatatu. Vijana wetu nao wana Jumatatu yao.