Ushauri kwa Mama Mjamzito: Kutoka kwa Somo hadi Kliniki

Wako wanaodhani kwamba ushauri kwa mama mjamzito uliletwa nchini pamoja na zahanati. Dhana hiyo si sahihi. Katika mwambao wetu, mwari alifundwa na somo wake. Alipopata mimba ya kwanza, aghalabu alirudi kwa mama yake miezi ya mwisho ilipokaribia, akajifungua mikononi mwa mkunga, na kutunzwa hadi arobaini. Kwa desturi hiyo, mzazi hakuachwa peke yake na hofu zake.

Hata hivyo, hatuna budi kusema kweli. Si kila wasia wa wazee ulikuwa na manufaa. Katika jamii kadhaa mjamzito alikatazwa kula mayai, ilhali mwili wake ulikuwa ukijenga mwili mwingine. Wala mkunga, pamoja na uhodari wake wote, hakuwa na njia ya kupima shinikizo la damu, wala ya kumwongezea damu mzazi aliyetokwa nayo nyingi.

Wakati wa ukoloni tiba ya kisasa iliwafikia wachache, hasa mijini na kwenye misheni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilielekeza nguvu zake vijijini, na mwaka 1974 huduma za mama na mtoto zikaanza kutolewa bila malipo. Katika miaka hiyohiyo zilifanyika kampeni za elimu ya watu wazima: "Mtu ni Afya" mwaka 1973 na "Chakula ni Uhai" mwaka 1975. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakajadiliana. Hawakuamriwa tu, walishirikishwa.

Hilo ndilo funzo tunalopaswa kulihifadhi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, baada ya ule wa 2015/16 kukadiria 556. Ni hatua kubwa. Lakini mama anayekaripiwa kwa kuchelewa kuhudhuria kliniki hurudi nyumbani na kadi mkononi bila ushauri moyoni, na pengine harudi tena.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi kliniki zetu, pamoja na mizani na dawa, na zirithi pia subira ya somo: kuketi na mama, kumsikiliza, ndipo kumfunza.