Fahamu mila za Waarusha wa Oldonyo Sambu na kwa nini hazijafa

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, ukishapita Ngaramtoni, Mlima Meru unabaki mkono wa kulia na ardhi inaanza kubadilika. Migomba inapungua, vumbi linaongezeka, na punda waliobebeshwa madumu ya maji wanakuwa wengi. Hapo ndipo Oldonyo Sambu, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha iliyo upande mkavu wa mlima.

Msafiri akiona shuka na rungu husema moja kwa moja, "hawa Wamasai". Wamasai wapo kweli, lakini wengi anaowaona upande huu ni Waarusha: watu wanaoongea Kimaa kama Wamasai, ila ni wakulima wa mlimani.

Waarusha ni nani?

Walifika kwenye miteremko ya Meru miaka ya 1830 wakitokea Arusha Chini, kusini mwa Kilimanjaro. Walifyeka msitu, wakapanda migomba, mahindi na maharage, huku wakiendelea kufuga ng'ombe. Jirani zao mlimani ni Wameru, ambao lugha yao ni ya Kibantu.

Kwa Wamasai walichukua mfumo wa rika, na huo ndio uti wa mgongo wa mila zao mpaka leo.

Rika linafanyaje kazi?

Vijana wa kiume wanaotahiriwa katika kipindi kimoja huingia rika moja lenye jina lake. Majina yanayosikika sana ni Seuri, Makaa, Landisi, Korianga na Nyangulo. Kila baada ya miaka kama 15 hivi rika jipya hufunguliwa na lililotangulia linapanda ngazi: kutoka layoni (mvulana ambaye hajatahiriwa) kwenda morani, kisha mzee.

Rika si jina tu. Mwenzako wa rika ni kama ndugu, na binti yake ni kama binti yako, kwa hiyo huwezi kumuoa. Ukikosea, wa kwanza kukuita ni wanarika wenzako.

Heshima hiyo inaonekana hata kwenye salamu. Mtoto akikutana na mzee huinamisha kichwa, mzee anamgusa utosini. Wanaume husalimiana "Supai", jibu lake "Ipa". Mwanamke husalimiwa "Takwenya", naye hujibu "Iko".

Kesi bila hakimu

Kila rika lina viongozi wake, malaigwanani. Mtu hapewi nafasi hiyo kwa sababu ya mali. Anachaguliwa kwa sababu anajua kusikiliza na kuongea.

Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, aliyeishi na Waarusha miaka ya 1950 na kuandika kitabu kuwahusu mwaka 1963, aliona kitu cha kushangaza: kwenye vikao vyao hakukuwa na hakimu. Kila upande ulikuja na watu wake na msemaji wake, wakakaa chini ya mti na kujadiliana hadi pande zote zikubali. Aliyekosa alilipa fidia, mara nyingi mifugo au pombe ya kunywa pamoja.

Lengo lilikuwa watu waendelee kuishi pamoja. Majirani wanaopakana shamba hawahami baada ya kesi, kesho watakutana kisimani. Ndiyo maana hadi leo, pamoja na polisi na mahakama kuwepo, familia nyingi huanza kwa wazee.

Mtihani mkubwa: ardhi

Enzi za Wajerumani, na baadaye Waingereza, mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima kwa chini, huku juu kukiwa na msitu wa hifadhi. Wenyeji wakabanwa katikati. Upande wa Wameru, mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu karibu 3,000 Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kupeleka malalamiko yao.

Waarusha wengi walitafuta nafasi kwa kushuka kwenye maeneo makavu kama haya. Sasa nayo yanajaa.

Kimila, kila mke hupewa sehemu yake ya shamba, na watoto wake wa kiume hurithi sehemu hiyo. Shamba lililotosha babu mmoja leo linagawanywa kwa wajukuu wengi. Binti hakuwa kwenye hesabu, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba atapata shamba kwa mume. Akiachika au akifiwa, hapo ndipo shida inaanza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haitambuliwi. Inaelekeza pia Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu saba, watatu kati yao wanawake. Kwa hiyo mjane aliyeshindwa mbele ya wazee bado ana mahali pa kwenda.

Kuna mila nyingine ambayo sheria imeifunga kabisa. Kukeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu 1998, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha kuanzia miaka mitano hadi 15.

Chakula na lugha

Vingine vinaendelea bila ugomvi. Loshoro, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa laini kisha kuchanganywa na maziwa mgando, bado ni chakula cha nyumbani na cha sherehe.

Kimaa ndicho chenye wasiwasi zaidi. Shuleni ni Kiswahili na Kiingereza, mjini ni Kiswahili. Jambo kama hilo limewapata Wawalser, watu wa milima ya Alps waliotawanyika kutoka Valais, Uswisi, karne ya 12 na 13. Katika vijiji vyao vya upande wa Italia, kama Gressoney, Kijerumani chao cha kale kimebaki kwa watu wachache, wengi wao wazee.

Mwaka 2018 UNESCO iliweka sherehe tatu za rika za Wamasai wa Kenya kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Tanzania nayo iliridhia mkataba huo wa urithi mwaka 2011.

Lakini kwa Oldonyo Sambu, swali liko karibu zaidi: siku mjane atakapoleta kesi ya shamba chini ya mti, je, atasikilizwa kama mwanarika anavyosikilizwa? Wazee wakiweza hilo, vijana na wanawake wataendelea kuwaendea. Wakishindwa, kesi zitahamia barazani na mahakamani, na mti utabaki kivuli tu.