Amplifaya gani yafaa spika zinazodai nguvu? Mwongozo kwa nyumba za umeme wa jua

MKAZI wa Sangailu, katika eneobunge la Ijara, Kaunti ya Garissa, anayenunua spika kubwa za nyumbani hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa Nairobi huenda asilifikirie: je, amplifaya itakayoziendesha itaiachia betri umeme wa kuwasha taa hadi alfajiri?

Garissa ina kituo kikubwa cha umeme wa jua, kilichozinduliwa Desemba 2019 kikiwa na uwezo wa takriban megawati 50. Hata hivyo, umeme huo huingizwa katika gridi ya taifa. Nyumba isiyofikiwa na nyaya za gridi hutegemea paneli na betri yake yenyewe, na huko uteuzi mbaya huleta hasara mbili: spika kuungua na betri kufa mapema.

Jambo la kwanza ni kusoma maandishi yaliyo nyuma ya spika. Ukinzani wake hupimwa kwa omu. Spika ya omu 4 huvuta mkondo mkubwa kuliko ya omu 8, na amplifaya dhaifu huchemka ikilazimishwa kuiendesha. Kuunganisha spika mbili za omu 4 sambamba hushusha ukinzani hadi omu 2, kiwango ambacho amplifaya nyingi za nyumbani hazikihimili.

La pili ni usikivu wa spika, yaani desibeli zinazosikika umbali wa mita 1 inapopewa wati 1. Kila desibeli 3 zinazopungua hudai nguvu maradufu. Kwa hivyo, sauti ambayo spika ya desibeli 90 huitoa kwa wati 10, spika ya desibeli 84 huhitaji wati 40 kuifikia. Mwenye umeme haba hufaidika zaidi kwa kununua spika yenye usikivu wa juu kuliko kuongeza ukubwa wa amplifaya.

Idadi ya wati iliyochapishwa kwenye katoni isimhadae mnunuzi. Wati za PMPO ni za kuvutia wateja tu; zinazofaa kulinganishwa ni za RMS. Redio ya gari isiyo na kifaa cha kuongeza volti ndani yake, ikitumia betri ya volti 12, haitoi zaidi ya takriban wati 20 safi kwa spika moja ya omu 4, hata ikiandikwa wati 50.

Wengi hudhani kuwa amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Ukweli ni kwamba ikifunguliwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi ya sauti. Muziki huanza kukwaruza, na spika ndogo ya sauti nyembamba hupokea joto isiloweza kulistahimili. Mkwaruzo ukisikika, sauti ipunguzwe mara moja.

Kuhusu betri, amplifaya za daraja AB hupoteza sehemu kubwa ya umeme kwa joto, hata muziki unapokuwa wa chini. Za daraja D hupoteza kidogo mno, na ndizo zinazofaa umeme wa jua. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini ili idumu inafaa itumiwe nusu tu. Amplifaya inayovuta wastani wa wati 60 itaimaliza nusu hiyo kwa saa 10, na chini ya hapo iwapo umeme unapitia inveta, ambayo nayo hula sehemu yake. Inayovuta wati 20 itachukua saa 30.

Joto la Garissa, ambalo mara nyingi huzidi nyuzi 35 za Selsiasi, pamoja na vumbi, huongeza mzigo. Amplifaya iwekwe mahali penye hewa, isifunikwe kitambaa, na waya wake kutoka kwa betri uwe mnene, mfupi na wenye fyuzi karibu na betri.

Kwa ufupi, mnunuzi aanze kwa betri aliyo nayo, kisha achague spika yenye usikivu mzuri, na mwisho amplifaya inayohimili omu za spika hiyo.