Anime za Zamani Zilivyofika Dodoma

Katuni za Kijapani, ambazo wapenzi wake Tanzania huziita anime kama Wajapani wenyewe, zilifika nyanda za kati za nchi zikiwa zimechelewa, tena mpangilio wake ukiwa umepinduka. Kijana wa Kikuyu, eneo la mji wa Dodoma lenye kata mbili za Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini, anaweza kuanza na Naruto, iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 2002. Baadaye anarudi nyuma hadi Dragon Ball ya 1986, na mwisho kabisa anakutana na Astro Boy ya 1963. Kwake yeye ya zamani ndiyo mpya, maana ndiyo aliyoigundua juzi. Kwa sababu hiyo, orodha ya anime za zamani zinazopendwa Dodoma haiwezi kueleweka kwa kutazama miaka zilipotengenezwa peke yake. Ni lazima kufuata pia njia zilikopita.

Astro Boy, au Tetsuwan Atomu kwa Kijapani, ilianza kurushwa Japani tarehe 1 Januari 1963. Mtunzi wake, Osamu Tezuka, alikuwa mchoraji wa vitabu vya katuni aliyeanzisha studio yake, Mushi Production, na akajitwisha kazi ambayo wengi waliiona haiwezekani: nusu saa ya katuni kila wiki. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Studio za Marekani zilizokuwa na fedha zilichora picha 12, wakati mwingine 24, kwa kila sekunde hiyo. Tezuka akashuka hadi 8, na mara nyingi chini ya hapo. Uso ukabaki umetulia, mdomo peke yake ukafunguka na kufumba. Mkono uliochorwa kwa ajili ya kipindi kimoja ukahifadhiwa ili utumike tena katika kipindi kingine. Kwa ubanaji huo vikatoka vipindi 193 kabla ya kazi kufungwa mwishoni mwa 1966.

Ubanaji huo ndio uliozaa sura ya anime inayotambulika hadi leo: kimya kirefu, mistari ya kasi nyuma ya mtu aliyesimama tuli. Ulizaa pia jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Picha ikitulia, sauti ndiyo inayobeba hadithi, na hilo lilikuja kuwa na maana kubwa katika nchi iliyozoea filamu za kusimuliwa.

Siku Astro Boy iliporuka kwa mara ya kwanza, Tanganyika ilikuwa jamhuri ya majuma matatu. Televisheni haikuwapo, na Tanzania Bara ingeishi bila kituo cha televisheni kwa zaidi ya miaka 30. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikiona chombo hicho kuwa anasa ya wachache wa mjini, ikaweka nguvu kwenye redio, ambayo mkulima wa Mpwapwa au Kondoa angeweza kuisikia kwa betri. Zanzibar ilifuata njia yake, ikafungua televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika bado zilikuwa na picha nyeusi na nyeupe au hazina kabisa.

Aliyetaka picha zinazotembea alikwenda sinema. Huko mapenzi ya watazamaji wa bara yaligawanyika kati ya filamu za Kihindi, zenye machozi na nyimbo, na filamu za mapigano kutoka Hong Kong. Bruce Lee alifariki mwaka 1973, lakini umaarufu wake mitaani uliendelea kukua. Baada yake akaja Jackie Chan na Drunken Master ya 1978, hadithi ya kijana mtundu anayefundishwa ngumi na mzee mlevi. Filamu hiyo inastahili kutajwa hapa kwa sababu Akira Toriyama, mchoraji kijana wa Japani, alikuwa akiitazama tena na tena. Kutoka kwake ikazaliwa Dragon Ball, iliyoanza kama kitabu cha katuni mwaka 1984 na kuwa anime mwaka 1986. Mzee Kame-Sennin anapoingia mashindanoni kwa kujificha, anajiita Jackie Chun. Mtazamaji aliyelelewa na kanda za kung fu anapomwona Goku kwa mara ya kwanza hakutani na mgeni. Anakutana na mtoto wa jirani wa zamani.

Waswahili wa kwanza kukua na anime hawakuwa wa bara. Nchi za Kiarabu zilinunua katuni za Kijapani mapema na kuzitia sauti za Kiarabu. Grendizer, roboti la mwaka 1975 lililochorwa kutokana na kazi ya Go Nagai, lilipata sauti zake Lebanoni, na likawa kumbukumbu ya utoto wa kizazi kizima cha Waarabu. Captain Tsubasa, hadithi ya kijana mpenda soka iliyoanza kama anime mwaka 1983, ikaitwa Kapteni Majid. Familia za Kiswahili zilizohamia Omani kutoka Zanzibar, hasa baada ya 1970, zililea watoto katika nchi zilizoonyesha katuni hizo. Mtoto wa Maskati aliweza kumjua Majid katika Kiarabu cha runinga huku akizungumza Kiswahili na bibi yake.

Dodoma ilisubiri video. Baada ya serikali kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984, deki na kanda zilianza kuonekana kwenye miji ya bara, na mabanda ya video yakaota: kuta za mabati au turubai, mabenchi ya mbao, runinga moja juu ya kabati, na jenereta nje kwa siku za giza. Lugha ya filamu ilikuwa Kiingereza, Kikantoni au Kihindi, na watazamaji wengi hawakuielewa. Hapo ikazaliwa kazi ya msimuliaji. Derek Mukandala, anayejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ni miongoni mwa waliojenga kazi hiyo Tanzania. Sauti yake ilieleza mazungumzo, ikawapa wahusika majina yanayotamkika, ikaongeza maonyo na mizaha, na baadaye ikarekodiwa juu ya kanda na kuuzwa nchi nzima. Uganda ilikuwa na wasimuliaji wake, na Kenya baadaye ikampata DJ Afro.

Wasimuliaji wa Tanzania waliwapa watazamaji wao msamiati wa kuzungumzia filamu. Mhusika mkuu ni steringi, na kila mtoto wa banda la video alijua kanuni ya kwanza: steringi hafi. Anayempinga ni adui, na adui mkubwa hupigwa mwishoni. Ladha iliyojengwa na kanuni hizo ndiyo iliyopokea anime zilipofika: mapigano marefu, mwalimu mzee, kijana fukara mwenye kiapo, na pambano la mwisho lililosubiriwa kwa saa nyingi.

Televisheni za bara zilianza mwaka 1994, ITV ikiwa miongoni mwa za kwanza, na katuni zikapata nafasi katika saa za watoto. Nyingi zilikuwa za Marekani. Njia ya anime ilifunguka zaidi mwaka 2007, mwaka ambao kwa historia hii una uzito wa pekee. Mwezi Novemba chaneli ya Animax, iliyojaa anime, iliingia kwenye dishi la DStv barani Afrika, ikadumu hadi 2010. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa kwenye vilima vya nje ya mji, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kikafunguliwa Kikuyu, katika majengo ya iliyokuwa shule ya sekondari ya Mazengo, shule iliyobeba jina la mtemi wa Wagogo. Dishi la kulipia lilikuwa la wachache. Vyuo viwili vilileta kitu kikubwa zaidi: maelfu ya vijana kutoka kila mkoa, wenye kompyuta mpakato, vyumba vya kupanga na jioni ndefu.

Palipo na wanafunzi pana laibrari ya muvi. Neno hilo lilianza kwa maduka yaliyokodisha kanda, likabaki hata kanda zilipokufa. Duka lenyewe ni chumba cha hatua chache. Kuna meza, kompyuta yenye diski kubwa, na kioo cha pili kilichogeuziwa mteja. Mteja anatoa flashi, anataja jina, mwenye duka anafungua folda, na mstari wa kijani unaanza kutambaa. Hesabu ya anime hapo ni ya nafasi. Kipindi cha dakika 24 kilichobanwa hadi megabaiti 70 hivi kinaingia kwa wepesi, lakini Dragon Ball ya kwanza ina vipindi 153, yaani zaidi ya gigabaiti 10. Flashi ya gigabaiti 8 haiibebi. Inabidi kuchukua nusu, kuitazama, kuifuta na kurudi dukani.

Folda hiyo ilifanya jambo lingine, dogo kwa macho lakini kubwa kwa historia. Ilipanga kazi kwa alfabeti. Akira ya 1988 ilikaa juu ya Bleach ya 2004, bila tarehe, bila maelezo ya nani alitangulia. Umri ukafutika. Mtu aliyekuja kutafuta Bleach aliiona Akira kwa ajali ya herufi, akaomba aongezewe, akapata usiku huo filamu iliyochorwa kwa fedha na uvumilivu ambao Tezuka hakuwahi kuwa nao. Ugunduzi mwingi wa anime kongwe ulikuja kwa njia ya aina hiyo. Baadaye nyaya za baharini zilizofika Dar es Salaam kuanzia 2009 zilishusha bei ya intaneti, simu zikawa na vioo vikubwa, na bando likachukua sehemu ya kazi ya flashi. Hata hivyo kwa kazi yenye vipindi zaidi ya 100, flashi bado ina hesabu nzuri kuliko bando.

Kuzipanga kazi hizo kongwe kwa ubora, kama wapenzi wanavyofanya kila mwaka unapofungwa, kunahitaji kipimo. Kipimo cha haki kwa mtazamaji wa bara ni nguvu ya hadithi kusimama hata picha zikiwa chache. Kwa kipimo hicho Dragon Ball ya kwanza inakaa juu kuliko Dragon Ball Z iliyoifuata mwaka 1989 kwa vipindi 291. Z ina kelele zaidi na inajulikana zaidi, lakini katika ile ya kwanza Goku bado ni mtoto anayeshangaa dunia, na kila pigo lina sababu.

Nafasi ya pili, kwa hoja zinazoweza kuipandisha hata ya kwanza, ni ya Ashita no Joe, iliyoanza kurushwa Aprili 1970. Joe Yabuki ni yatima anayeingia mtaa wa mafukara Tokyo na kuokotwa na kocha mlevi mwenye jicho moja. Hadithi ni ya ngumi, mchezo ambao Titus Simba aliipatia Tanzania medali ya fedha mwaka huohuo 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh. Mpinzani wa Joe, Rikiishi, anajikondesha hadi mifupa ili ashuke uzito na kupigana naye, na pambano hilo linamuua. Baada ya kifo hicho kutokea katika kitabu, wasomaji wapatao 700 walikusanyika Tokyo mwezi Machi 1970 kwa maziko ya kweli ya mtu aliyechorwa. Mtazamaji aliyefundishwa kwamba steringi hafi na adui hastahili machozi anapata hapa somo jingine kabisa, maana adui ndiye anayeliliwa.

Captain Tsubasa inafuata kwa sababu ya soka, ingawa uwanja wake unaonekana hauna mwisho na mpira mmoja unaweza kuchukua nusu ya kipindi kufika golini. Astro Boy inaheshimiwa kuliko inavyotazamwa. Kimba, simba mweupe wa Tezuka, anime ya rangi ya mwaka 1965 yenye vipindi 52, ingepaswa kuwa karibu zaidi na Dodoma kwa kuwa imewekwa Afrika, lakini Afrika yake ni msitu wa kufikirika, na watu wake wamechorwa kwa macho ya mbali mno. Inabaki chini. Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, ya mwaka 1988, haistahili kushindanishwa na nyingine. Ni hadithi ya kaka na dada yake mdogo wanaokufa njaa karibu na Kobe mwaka 1945, na kopo la peremende linalobaki baada yao.

Kazi hizo karibu zote hufika zikiwa na sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, maandishi yanayopita haraka kwa mtoto wa shule ya msingi. Ndani ya chumba cha kupanga au sebuleni, mwenye Kiingereza kizuri zaidi husoma na kutafsiri kwa sauti, anampa kila mhusika lafudhi yake, anaruka asichokielewa na kuongeza neno lake mwenyewe. Uso kwenye kioo umetulia, mdomo peke yake unafunguka na kufumba, na Kiswahili ndicho kinachosikika.