Binti na Bastola

Mwaka juzi, mwanzoni mwa kiangazi, alikuja nyumbani kwangu binti wa mwanafunzi wangu wa zamani. Alipiga hodi, akanipa shikamoo, akakaa kwenye kiti cha barazani na kunyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya vijana. Kisha akasema, "Mwalimu, mama amenituma. Nataka kununua bastola, na mama amesema nisinunue mpaka nimekuona wewe."

Nilidhani nimesikia vibaya, maana masikio yangu si yale ya zamani. Lakini alinyanyua mkono wa kushoto na kunionyesha kovu la panga kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo. Ana duka la vifaa vya ujenzi na vibanda viwili vya kutuma na kupokea fedha kwa simu, na jioni hurudi na mkoba wa mauzo. Vijana wawili wa pikipiki walimfuata mpaka getini kwake. Mlinzi aliyekuwa akimlipa kila mwezi aliruka ukuta akatokomea.

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimwambia arudi Jumamosi. Sababu ya kusita kwangu nitaieleza mbele, na mama yake aliijua vizuri kabla ya kumtuma. Lakini nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, na siwezi kutazama kitu bila kuuliza kimefikaje hapa na nani alikatazwa kukishika kabla yangu.

Katika karne ya 19 bunduki ziliingia bara kupitia Unguja na miji ya pwani, zikifuata njia zilezile za misafara ya pembe na watumwa. Nyingi zilikuwa magobore, yaani zile zinazoshindiliwa baruti kwa mdomoni, na nyingine zilikuwa zimekwisha kutupwa na majeshi ya Ulaya. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa rugaruga wenye magobore hayo. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakatia sahihi mkataba ambao wengi wanaukumbuka kwa ajili ya kupiga vita biashara ya utumwa. Ndani ya mkataba huo mlikuwamo vifungu vya silaha: kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini mwa Afrika, bunduki za kisasa zenye mtutu wa mifuo zisiuzwe kwa wenyeji. Gobore la jiwe la kiberiti liliruhusiwa. Nilikuwa nikiwauliza wanafunzi wangu: kama lengo lilikuwa kumkinga Mwafrika na mshika watumwa, kwa nini anyang'anywe bunduki nzuri aachiwe mbovu? Kwa kawaida darasa lilinyamaza, halafu mmoja wa nyuma akacheka, na hapo nilijua somo limeingia.

Matokeo yake yalionekana Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Majimaji walipoiendea boma ya Wajerumani kwa mikuki na magobore yao, wakakutana na bunduki za rashasha. Baada ya vita ile Wajerumani walikusanya silaha kijiji kwa kijiji, na Waingereza waliowafuata hawakuwa na haraka ya kuzirudisha. Kwa hiyo katika utoto wangu bunduki ilikuwa kitu cha bwana shauri, cha askari wa wanyamapori, na cha mzee mmoja tu kijijini kwetu, mwenye gobore la kufukuzia nguruwe pori. Mwanamke kulishika hilo gobore ilikuwa mwiko. Walisema halitalenga tena.

Mwiko huo niliuona ukivunjwa na wageni waliokuja kwetu kama wakimbizi. Mwaka 1967 FRELIMO iliwachukua wasichana wapatao 25 kutoka Msumbiji na kuwapa mafunzo ya kijeshi Nachingwea, katika ardhi yetu, na hao ndio waliokuwa chanzo cha Kikosi cha Wanawake. Mmoja wao alikuwa Josina, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25 tu, kwa maradhi, si kwa risasi. Wasichana wale walibeba silaha, walilinda maeneo yaliyokombolewa, waliwahamasisha wanavijiji na kuwatunza watoto waliopoteza wazazi. Kwetu sisi vijana wa Tanzania kuwasikia tu kulitutia aibu kidogo, maana sisi wanaume tulikuwa bado tunabishana kama wasichana wa vyuo wanafaa kupiga kwata.

Ubishi wenyewe ulikuwa na historia. Jeshi tulilorithi liliasi Januari 1964, kuanzia kambi ya Colito, na serikali ililazimika kuwaita askari wa Kiingereza kulizima. Baada ya hapo jeshi lilijengwa upya, na Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, likapewa uzito mpya. Ilipotungwa sheria ya kuwapeleka wasomi kwa lazima, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Oktoba 1966 na wengi wao, karibu 400, wakarudishwa makwao. Kisha Wareno wakaivamia Guinea Novemba 1970, Amin akampindua Obote Januari 1971, na mwezi uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, uliotaka umma wenyewe ujifunze kujilinda. Mgambo ukaenea viwandani, vijijini na vyuoni.

Ndivyo mimi, mwalimu kijana wa historia katika chuo cha ualimu ambacho sitakitaja, nilivyojikuta msaidizi wa mkufunzi wa mgambo. Sifa yangu ilikuwa moja: nilikuwa nimepita kambini na niliweza kufungua SMG na kuifunga tena nikiwa nimefumba macho. Kijana akiweza jambo moja vizuri hudhani anaweza yote.

Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Amin yalikuwa yameingia Kagera, na chuoni mazoezi yaliongezwa. Kila mwanachuo alipewa risasi tatu za kulenga shabaha. Mama yake binti huyu alikuwa mwaka wa pili, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alikuwa mlengaji bora kuliko wavulana wote. Risasi zake tatu zilikaa mahali pa kufunikwa na kiganja. Aliniambia siri yake ni kwamba alikuwa anaogopa mlio, kwa hiyo alivuta triga polepole mno ili asijue utakuja lini. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hivyo ndivyo walengaji wote wazuri wanavyovuta triga.

Jioni ile tulikuwa tunakusanya silaha. Nilipokea SMG moja kutoka kwa mlengaji wa mwisho, nikachomoa magazini, nikamkabidhi kijana wa kusafisha na kusema, "Iko tupu." Sikuvuta koki. Sikutazama chemba. Risasi moja ilikuwa imebaki humo. Kijana alivuta triga kama tulivyomfundisha kufanya kabla ya kusafisha, na risasi ikapita katika mguu wa mwenzake aliyekaa mbele yake. Hakufa. Alipoteza vidole vitatu, akamaliza chuo kwa gongo, akafundisha shule ya msingi mpaka kustaafu huku akichechemea.

Taarifa iliyoandikwa ilisema kwamba kijana wa kusafisha hakufuata amri. Aliondolewa chuoni. Mimi nilitia sahihi kama shahidi. Nilikuwa na miaka 29, mke wangu alikuwa mjamzito, na nchi ilikuwa vitani. Nimeyahesabu mara nyingi maelezo hayo na hayajawahi kutosha. Mama yake binti alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu. Alisikia nilichosema. Hakuulizwa na mtu, na hakunitazama usoni mpaka alipohitimu.

Jumamosi aliporudi, nilimuuliza binti kama mama yake alimweleza kwa nini anitafute mimi. Akasema, "Alisema tu kuwa wewe huwezi kusahau." Basi nikamweleza yote, kama nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza, akamaliza chai yake, akauliza, "Sasa, Mwalimu, tunaanzia wapi?"

Tulianzia kwenye karatasi. Sheria ya silaha ya mwaka 1991 ilifutwa na ile ya 2015, na mwombaji hupita mtaani, kwenye kata, wilayani, na kuendelea juu, kila mahali akihojiwa. Katika kikao kimoja mjumbe alimuuliza mume wake anasemaje. Akajibu kwamba hana mume, ana madeni ya saruji. Mjumbe mwingine, mama mtu mzima, alicheka mpaka akavua miwani. Miezi ikapita. Sikuona ubaya wa kungoja, maana hasira ya kukatwa panga ni mshauri mbaya wa kununua silaha, nami nilitaka kuona kama nia itabaki hasira ikipoa. Katika muda huo alijenga chumba cha kuhifadhia fedha dukani na akaacha kubeba mauzo yote jioni. Nilimwambia wazi kwamba hilo litamwokoa mara nyingi kuliko bastola. Alikubali, lakini hakuacha nia yake.

Kisha ukaja uchaguzi. Mimi nilishikilia rivolva. Muundo wake ni wa zamani, tangu Samuel Colt wa Marekani alipopata hataza yake mwaka 1836: risasi tano au sita ndani ya gurudumu linalozunguka. Ukilifungua unaona kila tundu, lenye risasi na lisilo nayo. Bastola ya magazini, ya ukoo ulioenezwa na John Browning mwanzoni mwa karne ya 20, inaficha. Magazini iko mkononi mwako, na risasi moja bado imelala chemba. Nilimhubiria hayo kwa jioni mbili.

Binti mwenyewe alikuwa amependa kibastola kidogo cha kung'aa alichokiona kwenye simu, cha kuingia katika mkoba wa harusini. Kwa mkufunzi, askari mstaafu mwenye kibali, alikipiga mara mbili akakirudisha mezani. Kitu chepesi hurusha mkono zaidi, hilo halitangazwi. Kisha akajaribu rivolva yangu niliyoipigia debe. Triga yake ilikuwa nzito, na kila alipoivuta mdomo uliinama kushoto. Ya tatu ilikuwa bastola ya magazini ya umbo la wastani, ya milimita tisa, risasi ambayo Mwaustria Georg Luger aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1900 na ambayo majeshi mengi yanaitumia hadi leo. Kitako kilimkaa kiganjani, kidole kilifika kwenye triga bila kunyoosha kifundo, na aliweza kuvuta sehemu ya juu nyuma kwa nguvu zake mwenyewe. Risasi zake zilianza kukusanyika.

Mkufunzi alinitazama. Alikuwa kijana wa miaka hamsini na kitu, mwenye adabu. Akasema, "Mzee, rivolva unaipenda wewe." Ni kweli. Nilikuwa namchagulia binti silaha ya kunitibu mimi. Nikanyamaza, na akachukua ile ya tatu.

Mafunzo yenyewe yalichukua wiki nyingi na risasi chache. Kwa muda mrefu mkufunzi hakumpa risasi hata moja. Kusimama, kushika kwa mikono miwili, kidole kikae pembeni nje ya triga mpaka macho yameamua, mdomo usielekee kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kuvuta triga tupu huku sarafu ya shilingi mia imelazwa juu ya mtutu, isidondoke. Nyumbani alinunua sanduku la chuma, akalifungia ukutani. Alifundishwa pia mambo ambayo sisi wa mgambo hatukufundishwa: kwamba ukiweza kukimbia, kimbia, kwamba mkoba wa fedha si sababu ya kuua mtu, kwamba risasi ikipita kwa mwizi ina safari bado, na nyuma yake kuna nyumba za watu. Kuhusu hilo la mwisho mkufunzi alimpeleka mpaka getini kwake, wakasimama pale alipokatwa, akamuuliza risasi ingeishia wapi. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa matofali, upande wa pili dirisha la jirani mwenye watoto wanne. Alirudi kwangu jioni ile akiwa amepoa sana. Nilidhani ataacha. Hakuacha, ila aliomba kwanza geti lihamishiwe upande wa ukuta, na likahamishwa.

Siku ya mwisho ya mafunzo mama yake alikuja. Ana mvi sasa, na miwani minene. Tulisalimiana kama watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja. Alikaa kwenye benchi nyuma ya mstari, akaangalia bintiye akipiga risasi kumi polepole, kila moja kana kwamba hajui itakuja lini.

Binti alipomaliza alichomoa magazini, akavuta nyuma, akaliacha wazi, akanikabidhi. Nilitazama chemba. Nikaingiza kidole kidogo ndani yake, kikagusa chuma kitupu chenye moto. Sikusema neno. Nikamrudishia, naye, ingawa alikuwa amesimama hapo hapo akiniangalia, akageukia mwanga akatazama tena mwenyewe, kisha akampelekea mama yake. Mama akavua miwani, akaisogeza karibu na jicho, akatazama naye.