Elisi, Alisi na Kicheko cha Mtoto wa Shule

Mwaka 1940 wachapaji wa Sheldon Press, London, walitoa kitabu kiitwacho Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mfasiri wake alikuwa Bi E. V. St Lo Conan-Davies, na asili yake ni hadithi ya Kiingereza ya mwaka 1865 iliyotungwa na Lewis Carroll. Hilo lilikuwa jina la kalamu la Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Oxford, aliyeisimulia kwanza ndani ya mashua tarehe 4 Julai 1862 ili kuwafurahisha mabinti watatu. Katika tafsiri, Elisi alichorwa binti wa Kiafrika.

Kiswahili Sanifu wakati huo kilikuwa kichanga. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa amekwisha kuwapa wanafunzi Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Vitabu hivyo vilijaa mabaharia, wawindaji na bunduki, na msichana hakuwa shujaa wa hadithi humo. Elisi alikuja na jambo geni, mtoto wa kike anayebeba hadithi nzima mabegani mwake, tena kwa kuchekesha.

Msichana hakuwa mgeni katika ushairi wa pwani. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi ambao hadi leo huhesabiwa miongoni mwa johari za lugha hii. Shaaban Robert naye alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati. Lakini katika tungo hizo binti ni msikilizaji. Mzazi hunena, naye hupokea. Elisi hapokei kitu bila ya kukihoji. Hunywa chupa asiyoijua, huingia karamuni bila ya kualikwa, humjibu malkia, na akitakiwa asome shairi la darasani kwa moyo, maneno humtoka kombokombo. Hicho ndicho kiini cha utundu wake, kwamba anayakumbuka mafunzo yote, ila yanatoka kinywani yamegeuka mzaha.

Hapo ndipo mfasiri hupatwa na taabu. Mashairi anayoyavuruga Alice ni mawaidha ambayo watoto wa Uingereza waliyahifadhi shuleni, yakiwamo ya Isaac Watts. Asiyelijua shairi la asili hawezi kucheka likipinduliwa. Kwa mtoto wa visiwani dawa ipo, nayo ni kuupindua utenzi wa maadili wenye mizani nane, ambao sikio lake limeuzoea tangu utotoni. Je, mtoto wa Namtumbo?

Namtumbo iko mashariki ya Songea, mamia ya kilomita kutoka baharini, na ilifanywa wilaya mwaka 2002. Nyumbani husikika Kindendeule na Kingoni, na kwa watoto wengi darasa ndilo lililowapa Kiswahili cha vitabuni. Kwao neno somo ni kipindi cha shule. Kwa mtu wa pwani somo pia ni mwenye jina kama lako, tena ni kungwi anayemfunda mwari. Mzaha uliojengwa juu ya maana hizo tatu utachekwa Unguja na kupita kimya Namtumbo.

Mfano mzuri zaidi ni kisa cha kasa anayesimulia shule yake ya baharini, ambako masomo yalikuwa saa kumi siku ya kwanza, tisa siku ya pili, na kuendelea kupungua. Kwa Kiingereza kichekesho ni kwamba neno la somo na neno la kupungua husikika sawa. Kiswahili hakina mlingano huo, lakini kina hazina yake. Kasa ni yule mnyama wa baharini, na kasa vilevile ni upungufu, kama katika saa mbili kasa robo. Lugha yenyewe imemwekea mfasiri mzaha ambao Carroll hakuujua. Lakini shuleni robo hiyo sasa ni kasorobo, na kasa hafiki katika mito ya Ruvuma.

Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis, mzaliwa wa Zanzibar na mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha SOAS, London, alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Ndiye aliyeifasiri baadaye Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa jina la Peponi, mwaka 2022. Kwamba hadithi moja ilihitaji wafasiri wawili katika miaka 75 si ajabu. Hekima ya kitabu hudumu, ila mizaha yake huchakaa upesi, na kila kizazi hudai mizaha yake.

Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia kuchapisha hadithi zilizotungwa kwa Kiswahili moja kwa moja. Njia hiyo ina faida isiyo na mfano, kwani mtunzi humjua anayemchekesha. Tafsiri nayo isidharauliwe. Ilimwonyesha mtoto wa kike kwamba kitabu kinaweza kumwacha aulize, akosee na acheke, asiadhibiwe mwishoni. Kazi iliyobaki ni ya washairi, nao ni kumpatia mtoto wa Namtumbo utundu unaocheza na maneno aliyonayo mwenyewe, ili asilazimike kuizaliwa pwani ndipo acheke.